Kiti cha Kati, Safu ya Nne

Kabla hajaanza kazi ya kuwapakia watu wazima kwenye ndege, Mama Mstari alifundisha chekechea miaka kumi na minne. Siku ya usaili, meneja wa shirika alimwuliza ana uzoefu gani na abiria. Akajibu, "Abiria sina. Lakini nimewapanga mstari watoto arobaini wa miaka minne, na wote wanataka kwenda chooni kwa wakati mmoja." Meneja akafunga faili papo hapo. Jumatatu iliyofuata mama wa watu akapewa skafu ya zambarau, beji na kipaza sauti, akasimamishwa lango namba sita. Jina la Mama Mstari alipewa na wapagazi kabla wiki haijaisha, na tangu hapo hata mkurugenzi hakumbuki jina lake la kwenye mkataba.

Tofauti ya kazi hizo mbili aliigundua siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi. Mtoto wa chekechea akiruka foleni ukamshika mkono, huona haya. Mtu mzima akiruka foleni ukamshika mkono, atakuuliza kama unajua yeye ni nani.

Na shirika lenyewe lilikuwa limeutafuta ugomvi kwa tochi. Tiketi zake hazikuwa na namba ya kiti. Wakubwa walikaa, wakafikiri, wakagundua kwamba ukimpa mtu namba ya kiti atatembea kwa maringo, maana anajua kiti kinamngoja; ukimnyima atakimbia. Ndege ikijaa haraka huruka haraka. Basi kadi ya kupandia iliandikwa kundi tu, la kwanza, la pili au la tatu, na ukishaingia unakaa unapopenda. Kwenye matangazo waliuita "uhuru wa kuchagua." Mama Mstari, aliyeutazama uhuru huo kwa miaka kumi na mmoja akiwa hatua mbili tu kutoka mlangoni, alikuwa na jina lake la kuuita, ila hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza.

Wateja wake aliwajua kwa mafungu. Kulikuwa na wa kusimama: kadi zao za kundi la tatu, lakini kundi la kwanza halijaitwa wao wameshabanana langoni kama njiti kwenye kiberiti, na ukiwauliza wanasema wananyoosha miguu tu. Kulikuwa na mke na mume wa pengo. Hawa akiwakuta ndani, anapopeleka orodha ya abiria kwa rubani, mume yuko dirishani, mke ujiani, na katikati wameacha kiti kitupu wakitumaini hakuna mwenye moyo wa kukikalia. Mtu akikaribia, mke anakohoa kikohozi cha kutoka kwenye kisigino. Mtu akiwa jasiri akakaa, wanaanza kupitishiana maji, gazeti na maneno ya nyumbani juu ya mapaja yake mpaka ndege inatua.

Na kulikuwa na wa kiti cha magurudumu. Hao sheria inawapa haki ya kuingia kabla ya makundi yote, na sheria hiyohiyo inamkataza mfanyakazi kumwuliza mtu anaumwa nini. Sasa ikawa ajabu. Asubuhi moja wanasukumwa watu tisa kuingia ndege, na wenzake wa upande wa pili wanampigia simu kwamba wameshuka saba kwa miguu yao, tena wanawahi mizigo. "Leo uponyaji umekuwa mkubwa," Mama Mstari humwambia mwenzake wa langoni. Alikuwa na kipimo chake, na alikiamini kuliko mashine ya kukagulia mabegi. Mgonjwa wa kweli, alisema, huomba radhi: samahani mwanangu, nawachelewesha. Mgonjwa wa uongo huamrisha. Kwa kipimo hicho alijisifu kwamba hatua ishirini zinamtosha kumjua nani anaumwa na nani anataka dirisha.

Lakini kilichompa jina zaidi ni vita vyake na washika viti. Mtu anaingia mmoja, anaweka mkoba kiti hiki, koti kiti kile, gazeti kiti cha tatu, kisha anakaa katikati ya himaya yake akiwangoja jamaa ambao bado wako kwenye mgahawa. Siku moja muuza mashine za kusukuma maji, aliyekuwa akisafiri kila Jumatatu na ambaye pale uwanjani wanamwita Bwana Pampu, alishika viti vitatu kwa ajili ya wenzake wa ofisini. Mama Mstari akasimama ujiani, akakichukua kipaza sauti cha mhudumu na kusema ndege nzima isikie: "Kiti ni cha makalio, si cha mkoba. Mwenye makalio manne na ayalete tuyaone." Watu walicheka mpaka wengine wakafunguka mikanda. Bwana Pampu akatoa mikoba kimyakimya, na msemo ukabaki. Wahudumu waliurudia. Abiria wakaambizana. Mama Mstari mwenyewe aliona ameacha alama duniani.

Nyumbani hakuwa na alama yoyote. Aliishi na mumewe, fundi wa friji, mtu wa maneno tisa kwa siku, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo sebule yake ilikuwa nusu makochi, nusu friji za watu. Huko hakuna aliyepangwa mstari. Na juu ya nyumba hiyo, juu ya ukoo mzima, alikaa Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa dada yake wa tumbo moja, amemzidi miaka sita, lakini alivyoubeba ukubwa huo ungedhani miaka sitini. Hata watu waliomzidi umri walimwita Dada Mkubwa. Alikuwa mkuu wa wauguzi mpaka alipostaafu, na inasemekana madaktari walikuwa wakimwona anakuja wanazima simu na kufunga vifungo vya makoti. Tangu utotoni kiti kizuri kilikuwa chake bila kupigiwa kura. Kwenye gari la baba alikaa dirishani, kwenye picha alikaa katikati, na harusini kwa watu alikaa mbele hata kama kadi imemweka nyuma. Mdogo wake alikaa palipobaki, na kama hapakubaki, alisimama. Watu wa kuchimbachimba nafsi wangesema ndiyo maana alipopewa kipaza sauti alipigana vile kwa ajili ya viti vya wengine. Yeye angewajibu anafanya kazi yake.

Basi mwaka huo mama yao, bibi wa miaka themanini na minne, akaamua kukubali kuondolewa mtoto wa jicho. Alikuwa akiishi kwa kitinda mimba wao, mji mwingine, mwendo wa saa moja na dakika kumi kwa ndege. Mabinti wote wawili wakatakiwa wawepo. Mama Mstari alikata tiketi ya wafanyakazi, ambayo masharti yake ni mepesi: unaingia wa mwisho kabisa, unakaa palipobaki, unanyamaza.

Usiku wa kuamkia safari Dada Mkubwa alipiga simu.

"Mdogo wangu, wewe usihangaike na kiti. Nitakushikia."

"Dada, usinishikie kiti. Mimi ndiye ninayekataza watu kushika viti."

"Unawakataza watu. Mimi ni watu?"

"Na utaingiaje mapema? Kadi yako kundi la tatu."

"Nimeomba kiti cha magurudumu," Dada Mkubwa akasema, na kicheko chake kikajaa simu. "Nitawapiga chenga hao. Nitasukumwa kama malkia."

Mama Mstari alikata simu akatazama ukuta. Mumewe, aliyekuwa ameshika bisibisi, alitumia maneno mawili kati ya tisa ya siku hiyo: "Usibishane, utachoka."

Kesho yake langoni alikuwa zamu mwenzake. Mama Mstari alikaa pembeni kwa nguo za kiraia, akajifanya anasoma, akamwona dada yake anakuja. Dada Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mgongo wima, mtandio wa kijani begani, mkoba mapajani, anamwelekeza msukumaji kwa kidole. "Kushoto. Polepole, unasukuma mtu, hupeleki magunia. Simama. Haya, twende." Hakuna samahani, hakuna mwanangu. Kipimo kilisoma papo hapo: uongo, asilimia mia. Dada Mkubwa alipopita mbele yake akamkonyeza. Mama Mstari akaficha uso kwenye jarida. Kumbe alikuwa amelishika juu chini.

Likaingia kundi la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaingia mbiombio mtu aliyecheleweshwa na foleni ya magari, jasho linamchuruzika, begi la sampuli lenye picha ya pampu na mpira wa maji linamgonga magotini: Bwana Pampu. Nyuma yake, wa mwisho wa mwisho, akaingia Mama Mstari.

Ndani palikuwa pamejaa pomoni. Vilibaki viti viwili tu: kimoja safu ya mwisho kabisa, ukutani kwa choo, na kimoja safu ya nne, katikati. Cha safu ya nne kilikuwa kimekaliwa na mkoba wa ngozi, mtandio wa kijani na boksi la biskuti. Ujiani kwake alikaa Dada Mkubwa, mguu mmoja ameunyoosha nje kama kizuizi cha polisi. Mama Mstari alishangaa kidogo kumwona ujiani, maana Dada Mkubwa na dirisha ni mapacha. Akajijibu mwenyewe kwamba bila shaka mlinzi hukaa mlangoni.

Bwana Pampu alikuwa ameshasimama pale. "Samahani mama, naomba nipite."

"Pana mtu," akasema Dada Mkubwa bila kumtazama.

"Mtu yuko wapi?"

"Anakuja."

"Mama, ndege inafungwa mlango."

"Basi atakuja haraka."

Mhudumu, binti mdogo mwenye miezi miwili kazini, alikuwa anawatazama kwa zamu kama mtu anayeangalia mpira wa meza. Ndipo Bwana Pampu akageuka, akamwona Mama Mstari amesimama nyuma yake na kibegi chake. Uso wake ulichanua.

"Afadhali! Mwenyewe huyu hapa! Mama Mstari, hebu nisaidie. Wewe si ndiye uliyesema? Kiti ni cha nini vile?"

Abiria wakanyoosha shingo. Nusu yao walikuwa wasafiri wa kila wiki na jibu walilijua kwa moyo. Mama Mstari alishusha kibegi chake sakafuni. Angeweza kusema kiti hicho ni changu. Palikuwa pafupi, hatua mbili tu, na kule mwisho harufu ya dawa ya choo ilikuwa inamsubiri kwa mikono miwili. Lakini miaka kumi na mmoja ni mingi.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "toa mkoba."

"Nini?"

"Toa mkoba, huyu bwana akae."

"Nimekushikia *wewe*!" Dada Mkubwa hakujua sauti ya chini ni nini, wodi hazikumfundisha. "Ndugu yako wa damu nimekushikia kiti, unampa muuza mipira ya maji?"

"Pampu," akasahihisha Bwana Pampu.

Mtu wa safu ya saba akapiga kelele, "Kumbe ni dada yake!" na kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Mama Mstari akasikia masikio yanawaka. Na hapo, kwa hasira, kwa aibu, labda pia kwa ajili ya yule mtoto aliyesimama kwenye gari la baba yake, akatamka neno kwa neno, kwa sauti ile ya langoni: "Kiti ni cha makalio, si cha mkoba."

Makofi yakapigwa. Dada Mkubwa akashika mgongo wa kiti cha mbele, akajiinua, akasimama. Alisimama wima, kimo chake chote, kidole kikiwa hewani.

"Mimi nimekuogesha wewe! Mimi nimekufunga viatu! Leo unanisemea makalio mbele ya watu?"

"Mgonjwa amesimama!" sauti ikasema kutoka nyuma.

"Amepona!"

"Nani mwingine mgonjwa? Na asimame!"

Ndege nzima ilivunjika mbavu. Binti mhudumu aligeukia kabati la juu akajifanya anafunga mlango ambao ulikuwa umefungwa. Dada Mkubwa alibaki amesimama muda kidogo, mkono bado umeng'ang'ania kiti cha mbele, midomo imebana. Kisha akakaa. Akachukua mkoba, akachukua mtandio, akachukua boksi la biskuti, kimoja kimoja, akaviweka mapajani. Hakuondoa mguu. Bwana Pampu aliuruka kama mtu anayevuka mfereji.

Mama Mstari akaenda safu ya mwisho, akajibana katikati ya baba mwenye mabega mapana kama kabati na msichana aliyekuwa anakula mayai ya kuchemsha. Watu walimpongeza njia nzima. "Safi sana mama." "Sheria ni sheria." Alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi ya saa iliyosimama. Kwa saa moja na dakika kumi aliangalia kisogo cha dada yake kwa mbali. Kisogo hakikugeuka. Ila kando yake kichwa cha Bwana Pampu kilizidi kuinama, na walipotua alipita mbele ya wote akiwa mweupe midomoni. Baadaye ilijulikana kwamba Dada Mkubwa alimpima mapigo ya moyo bila kuombwa, akamkataza chumvi, akamwambia akiendelea na tumbo lile hatazikwa mzee.

Mlangoni pa ndege kiti cha magurudumu kilikuwa kinasubiri.

"Dada, basi sasa," Mama Mstari alisema. "Tumeshafika. Watu wote wamekuona umesimama. Twende zetu."

"Kiti nimekiomba, nitakikalia."

"Hata aibu huna?"

"Aibu umeimaliza wewe, hukuniachia."

Mama Mstari akashika njia peke yake, hakungoja. Alitembea ukumbi mzima bila kugeuka, visigino vinagonga sakafu, na moyoni alijihesabia haki kila hatua.

Kitinda mimba, bwana wa miaka arobaini na tano ambaye dada zake walimwita Mtoto na watoto wake walimwita Baba, aliwapokea na gari. Alitaka kujua mbona mmoja kanuna na mwingine kavimba. Mama Mstari akamsimulia. Hakutia chumvi nyingi. Hadithi yenyewe ilishakolea. Mtoto alicheka mpaka akapitiliza njia ya kwenda nyumbani na kulazimika kuzunguka mara mbili.

"Dada Mkubwa! Kweli ulisimama?"

"Mjini mwenye akili hukaa na mjinga husimama," Dada Mkubwa akajibu, macho dirishani. "Mimi niliingia wa kwanza. Ninyi chekeni."

Kesho yake wakampeleka mama hospitali. Wakamvisha kofia ya plastiki na gauni la kufungwa mgongoni, akaingizwa chumba cha upasuaji akiwa anawaambia wauguzi kwamba binti yake alikuwa bosi wa wenzao wote. Daktari alisema dakika arobaini. Mtoto akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari vizuri. Dada Mkubwa akasema anakwenda kunyoosha miguu. Mama Mstari akabaki kwenye benchi, akasoma kila bango ukutani, la kunawa mikono mara tatu, kisha akaondoka kutafuta choo.

Alipotea. Alipinda kulia pa kupinda kushoto, akapita maabara, akatokea kwenye ujia mwembamba wenye benchi la bluu na kibao juu ya mlango: Mifupa na Viungo. Kwenye benchi alikaa Dada Mkubwa peke yake. Mapajani alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia, ile ya picha za eksirei. Mguu wa kulia ameunyoosha mbele, sketi imepanda kidogo, na goti lilikuwa limevimba likawa halina umbo la goti tena.

Mama Mstari alisimama. Dada Mkubwa alimwona, akashusha sketi haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Umekuja kuangalia nani kakaa wapi?"

"Dada, hilo goti lina nini?"

"Lina miaka sitini na nane."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Limesagika lote. Mfupa kwa mfupa. Wanataka kuliondoa waniwekee la chuma."

Mama Mstari alikaa. Kile kipimo chake maarufu, cha hatua ishirini, kilikuwa kimevunjikia mapajani mwake. Aliona tena yote, moja baada ya jingine: kiti cha ujiani, mguu uliokataa kukunjwa, mkono ulioganda kwenye kiti cha mbele, midomo ile iliyobana. Mwanamke aliyewasoma wageni elfu kwa elfu hakuweza kumsoma mtu aliyemfunga viatu.

"Mbona uliniambia unawapiga chenga?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba ngazi za ndege ni kumi na tisa na mimi siwezi kuzipanda? Mimi?" Akaipapasa bahasha. "Mwizi wa kiti watu humwonea wivu. Mgonjwa humwonea huruma. Huruma nimewapa watu miaka thelathini na nane, naijua bei yake. Sitaki."

"Na mimi nimekusimamisha mbele ya ndege nzima."

"Hukunisimamisha. Nilisimama mwenyewe." Akafikiri. "Tena nilisimama vizuri."

"Ulisimama vizuri sana, Dada."

"Usilie hapa, watadhani nimekufa."

Mama Mstari akajifuta kwa mkono wa blauzi. Akasema samahani, neno hilo lilitoka dogo kuliko alivyokusudia. Dada Mkubwa akalipokea kwa kichwa, kama anavyopokea chai. Halafu akainua kidole.

"Sasa sikiliza. Mtoto asijue. Mama asijue. Mumeo najua hata akijua hatasema, lakini naye asijue. Mimi nilidanganya nipate kiti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo utakavyosema."

"Watakucheka mpaka lini?"

"Wacheke. Kuchekwa hakuumi goti."

Mlango ukafunguka, muuguzi akaita. Dada Mkubwa aliinuka kwa hatua tatu: mkono kwenye benchi, mkono ukutani, kisha pumzi. Mdogo wake alinyoosha mkono kumsaidia, akatazamwa kwa jicho ambalo liliwahi kufunga vifungo vya madaktari, akaurudisha. Ila aliingia naye. Hakufukuzwa.

Siku ya pili mama yao alifunguliwa bandeji. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akapepesa jicho lake jipya, akatazama dari, akatazama shuka, akamlalamikia Mtoto kwa kunyoa ndevu vibaya. Kisha akamwangalia binti yake mkubwa aliyekuwa amesimama mlangoni, hatua sita.

"Wewe, mguu una nini?"

Bibi wa miaka themanini na minne, jicho moja, asubuhi ya kwanza. Mama Mstari alitamani sakafu impokee.

"Sina kitu, mama. Nilikaa vibaya kwenye ndege," akasema Dada Mkubwa.

Bibi akamgeukia mdogo. "Kweli?"

"Kweli mama," akasema Mama Mstari, mwajiriwa mwaminifu wa miaka kumi na mmoja. "Vile viti vyetu vinabana mno." Bibi alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akasema hewala, akaomba kioo.

Miezi minne baadaye Dada Mkubwa aliwaaga watu kwamba anakwenda semina ya wauguzi wastaafu ya wiki sita. Hakuna aliyeuliza ni semina gani ya wiki sita; kwa Dada Mkubwa huulizi. Mama Mstari naye akachukua likizo yake yote ya mwaka. Walikaa pamoja kwenye wodi ya mifupa, ghorofa ya pili, na mgonjwa yule aliwatesa watu si mchezo. Aliwafundisha wauguzi kutandika. Alimwambia mtaalamu wa mazoezi kwamba anahesabu vibaya. Alipotakiwa kutembea hatua kumi na fremu ya chuma alitembea kumi na nne ili kumkomoa, kisha akalala mchana mzima uso umegeukia ukuta, na mdogo wake akakaa kwenye stuli bila kusema lolote, akimsugua nyayo.

Siri imekaa. Hadithi ya ndege ndiyo haijakaa. Kila familia ikikutana Mtoto huanza kuisimulia, na kila mwaka inanenepa: safu ya nne imekuwa ya kwanza, biskuti zimekuwa keki, na Dada Mkubwa siku hizi hasimami tu, anapanda juu ya kiti. Watoto wa watoto huigiza, mmoja anasukumwa kwenye kiti cha ofisini na mwingine anashika kijiko kama kipaza sauti. Watu hucheka mpaka machozi, kisha wote humgeukia Mama Mstari aseme ule msemo wake. Husema. Husema kwa sauti ile ya langoni, na watu hupiga makofi, na Dada Mkubwa, aliyekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, hucheka kuliko wote.

Mume wa Mama Mstari tu ndiye hacheki. Siku moja wakirudi nyumbani alimwangalia mkewe, akauliza, "Goti lake linaendeleaje?"

Mama Mstari aligeuka akamkodolea macho. Yeye akaendelea kutembea, maneno yake ya siku hiyo yakiwa yamekwisha.